Uzi maalumu wa raku: vinara vya mishumaa, joko la pipa, glezi na moshi

#1 FundiJoko

Wadau wa ufinyanzi, maswali ya raku yametawanyika kwenye nyuzi nyingi. Tuyakusanye hapa. Naanza na udongo na umbo, wenye uzoefu wa joko na glezi wataendelea.

Kwanza jina. Raku, namna ya kuchoma ambapo chombo hutolewa jokoni kikiwa bado kinawaka, ilianzia Kyoto, Japani, karne ya 16. Mfinyanzi Chōjirō alitengeneza bakuli za chai kwa ajili ya Sen no Rikyū, bingwa wa sherehe ya chai, na ukoo wa Raku unafinyanga Kyoto hadi leo. Bakuli zao hutolewa jokoni zikiwaka na kuachwa zipoe hewani. Hazifukizwi. Hii ya kutumbukiza chombo kwenye maranda mpaka kitoke na ngozi ya shaba na mistari myeusi ni ya Marekani, aliianzisha Paul Soldner huko California mwaka 1960. Uzi huu ni wa hiyo ya pili.

Usitengeneze kikombe wala bakuli la mchuzi. Udongo wa raku haujaiva hadi kuziba, glezi yake (ngozi ya kioo inayofunika chombo) ina nyufa, na shaba iliyomo inaweza kuingia kwenye chakula, hasa kikiwa na ndimu au siki. Kinara cha mshumaa ndicho chombo kinachoifaa raku: hakishiki maji, hakiguswi na ulimi, na mwali mdogo ukitikisika mbele ya ngozi ya shaba unaonyesha rangi ambazo taa ya umeme haizitoi.

Udongo. Chombo kinatoka kwenye nyuzi 980 za Selsiasi na kukutana na hewa ya nyuzi 30 ndani ya sekunde chache. Udongo laini, ule mtamu kwenye gurudumu, hauwezi. Nje inasinyaa kabla ya ndani, na punje za kwatzi (quartz, madini ya mchanga) zilizomo hubadili ukubwa ghafla kwenye nyuzi 573. Tunachotaka ni udongo wenye vinyweleo na punje ngumu za kusimamisha ufa kabla haujasafiri. Changanya kwa uzito mkavu: kilo 3 za udongo kwa kilo 1 ya vigae vilivyosagwa. Vigae vipite chekeche la mm 1, halafu pepeta unga laini kabisa uutoe, maana huo unaziba vinyweleo vilevile unavyovitafuta.

Vigae vitoke kwenye vyombo vyako mwenyewe vilivyochomwa mara ya kwanza. Tofali la kuchoma la barabarani lina sehemu mbichi, na mara nyingi lina chembe za chokaa. Walio Pwani waangalie hili mara mbili, kwa sababu mchanga na udongo wa ukanda ule una vipande vya matumbawe na makombe. Vikichomwa vinageuka chokaa hai, vinanyonya unyevu wa hewa polepole na kuvimba, na wiki mbili baadaye kinara kizima kinaanza kubanduka vidonge huku kila kidonge kina doa jeupe katikati. Dondoshea siki kwenye udongo mkavu. Ukitoa povu, uache.

Unene uwe mm 6 hadi 8 na uwe sawa kote. Ufa wa raku hauanzii popote tu, unaanzia pale penye unene mbili: shina nene linapokaa kwenye kitako chembamba. Kwa hiyo shina liwe tupu ndani na liwe na tundu la kupitishia hewa. Kila kona ya ndani izungushie kamba nyembamba ya udongo, uisugue kwa kidole mpaka kona iwe ya mviringo.

Kausha kivulini. Dar, Tanga au Mombasa msimu wa mvua hesabu siku 10, Iringa au Nakuru siku 6 zinatosha. Mchomo wa kwanza upande nyuzi 100 kwa saa hadi 600, kisha 150 kwa saa hadi 1000. Usipite 1060. Ukipita hapo udongo unaanza kuziba, na unapoteza uvumilivu ule uliouhangaikia.

#2 Mwangaza254

Fundi, asante sana. Mimi nakwama kwa vipimo. Ile mishumaa midogo ya kikombe cha alumini, shimo liwe na upana gani udongo ukiwa bado mbichi? Na vile vinara vya kufunika, kama taa yenye matundu, vinahitaji hewa kiasi gani?

#3 NtaNaUtambi

Kikombe kile kina upana wa karibu mm 38. Shimo lililokwisha kuchomwa liwe mm 41, ili kidole kiweze kukitoa. Sasa tafuta kiasi cha kusinyaa: chora mstari wa mm 100 kwenye kibao cha udongo mbichi, kichome hadi mwisho, pima tena. Ukibaki mm 93, gawanya 41 kwa 0.93, unapata mm 44. Hicho ndicho kipimo chako cha udongo mbichi. Rudia kila unapobadili udongo, kwa sababu vigae vikipungua kusinyaa kunaongezeka.

Kwa mshumaa mrefu usikisie, nunua pakiti ya mishumaa utakayotumia uipime kwanza. Mingi ya mezani ina kitako cha mm 22 hivi. Tundu liwe na kina cha mm 25 na lifunguke kidogo juu, mm 24 mdomoni. Ndani ya tundu usipake glezi hata tone: inakula karibu mm 1 kila upande, mshumaa hauingii, na ukiusukuma kwa nguvu unapasua mdomo.

Kitako kiwe angalau theluthi ya urefu wote, mshumaa ukiwa umesimama. Kinara cha sm 8 chenye mshumaa wa sm 20 ni sm 28, kwa hiyo kitako cha sm 9 na nusu. Chini ya hapo pazia likikipiga kinaanguka.

Kuhusu vya kufunika: juu ya mwali pawe wazi kabisa, tundu la sm 6 au zaidi. Chini weka matundu 4 ya mm 10, yakae usawa wa chini ya ukingo wa kikombe cha mshumaa ili hewa iingie kwa chini. Hewa ikikosekana mwali unatoa masizi na kurefuka, joto linabaki ndani, nta yote inayeyuka kwa pamoja, na ikizidi moto unaweza kushika dimbwi zima la nta. Ndiyo maana pia huweki mishumaa miwili kwenye chumba kimoja kidogo. Na mtu asijaribu kuzima moto wa nta kwa maji. Funika na kifuniko cha sufuria.

#4 ShabaNyekundu

Niingie kwenye joko.

Pipa la lita 200 lina upana wa sm 57 hivi. Likate ubaki na urefu wa sm 60 na kifuniko chake. Ndani weka blanketi la nyuzi za kauri, lile linalohimili nyuzi 1260, tabaka mbili za mm 25. Unabaki na nafasi ya sm 47. Blanketi lishikwe na vifungo vidogo vya udongo uliochomwa, kila kimoja na matundu mawili kama kifungo cha shati, ukipitisha waya wa koili za hita hadi nje ya pipa. Waya wa kawaida wa kufungia nondo ukiwa ndani unaliwa na moto baada ya michomo michache, na blanketi linakudondokea juu ya glezi.

Fanya pipa liwe kofia: halina sakafu, linakaa juu ya matofali ya moto yaliyopangwa chini. Pembeni kwenye ukingo wa chini kata mlango wa sm 10 kama wa panya, kichwa cha gesi kiingilie hapo. Wakati wa kutoa, watu wawili wanainua pipa zima moja kwa moja juu, na chombo kinabaki kimesimama wazi mbele ya mwenye koleo. Lote halizidi kilo 20. Hii ni salama kuliko kuinama juu ya shimo linalowaka, na koleo linashika vizuri kwa sababu unaona unachokishika.

Mlango uelekezwe pembeni ya ukuta, usilenge katikati, ili moto uzunguke. Bamba la kuwekea vyombo liwe na upana wa sm 35, lisimame juu ya nguzo 3 za sm 12. Juu ya kifuniko toboa sm 11 za kutolea moshi na uwe na kipande cha tofali la kusogeza juu yake. Hilo ndilo usukani wako. Pairometa (kipima joto cha joko) ya aina ya K inatosha kabisa, ncha yake iingie usawa wa chombo na isigusane na mwali.

Gesi: regulata ya jikoni haifai, inatoa shinikizo dogo mno. Inatakiwa ile ya kurekebisha hadi bari 2, mpira wa gesi wa shinikizo kubwa wa mita 3 au zaidi, na kichwa cha kilowati 30 hivi, kama tochi za mafundi wanaoezeka kwa lami. Kilo moja ya gesi ina kilowati-saa karibu 12.8, kwa hiyo moto kamili ni kilo 2.3 kwa saa. Fanya hesabu kabla ya kualika watu.

Jambo la afya: nyuzi za blanketi hazionekani kwa macho na hazitoki mapafuni kirahisi. Barakoa ya N95 au zaidi wakati wa kukata, na wakati wa kubandua blanketi la zamani uwe mkali zaidi, kwa sababu nyuzi zilizokwisha kuchomwa mara nyingi zinakuwa na aina ya silika iliyo mbaya kuliko mpya.

#5 GurudumuTaratibu

Mkuu, moto unaanza vizuri halafu baada ya nusu saa unalegea. Mtungi unatoka jasho kisha barafu kwa nje, na ukiutikisa gesi bado ipo. Mtungi wenyewe ni wa kilo 6.

#6 ShabaNyekundu

Mtungi ni mdogo kwa kazi hiyo. Gesi iliyomo ni kimiminika, na ili igeuke hewa inahitaji joto, inalichukua kwenye ukuta wa mtungi. Ukivuta kilo 2 kwa saa kwenye mtungi wa kilo 6, ukuta hauwahi kupata joto jipya kutoka nje. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, propani inatoka kwanza, na butani inakataa kuchemka ikishafika karibu na nyuzi 0.

Tumia mtungi wa kilo 15 (Kenya wa 13), au mitungi miwili kwenye kiungo kimoja. Ukilazimika kutumia huo, usimamishe kwenye beseni lenye maji ya bombani ya kawaida. Maji ya moto hapana. Kuuwekea moto au kuuanika jua kali hapana kabisa.

#7 DadaKaolini

Glezi sasa. Ni unga wa kioo na udongo kwenye maji, ukiungua unakuwa ngozi ya kioo juu ya chombo. Kwa raku tunataka iyeyuke kati ya 950 na 1000.

Nyeupe ya kupasuka nyufa: friti (unga wa kioo wa kiwandani) yenye alkali nyingi (Ferro 3110 au inayolingana) gramu 85, kaolini (udongo mweupe) gramu 10, oksidi ya bati gramu 5. Kaolini ya Pugu inafaa kabisa ikichujwa mchanga wake: ikoroge na maji mengi, subiri dakika mbili, mimina maji ya juu kwenye ndoo nyingine, mchanga unabaki chini. Alkali nyingi ndiyo siri ya nyufa. Glezi ya namna hiyo husinyaa kuliko udongo inapopoa, kwa hiyo inapasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Ya shaba: friti ileile 87, kaolini 13, halafu ongeza juu yake kaboneti ya shaba gramu 4. Ikipata hewa inatoka rangi ya maji ya bahari, ikinyimwa hewa inatoka nyekundu na shaba inayong'aa. Ipo na ile kavu isiyong'aa, kaboneti ya shaba 90 kwa friti 10, inayotoa zambarau na bluu kama mgongo wa kunguru, lakini ile si kioo kamili na rangi yake hufifia. Kwa kitu kinachokaa karibu na moto siishauri.

Kwa gramu 100 za unga anza na maji gramu 80. Chuja kwenye wavu wa matundu 80 kwa inchi. Iwe kama mtindi mzito: kidole kikitoka, kinafunikwa na kucha haionekani. Unene kwenye chombo mm 1 hadi 1.5 kwa nyeupe, ya shaba pungufu kidogo. Futa sm 1 ya chini kwa sponji, isije ikagandia bamba. Acha sehemu nyingine bila glezi kwa makusudi, shingo au mkanda mmoja. Zitatoka nyeusi tii na ndizo zinazoipa nyeupe thamani.

Vaa barakoa unapopima. Kaboneti ya shaba ni sumu ukiivuta au ukiila, na kijiko cha glezi hakirudi jikoni.

#8 Mwangaza254

Dada, friti huku ni ya kuagiza na bei imepanda. Magadi si ni alkali? Hatuwezi kutumia ya Ziwa Magadi badala yake?

#9 DadaKaolini

Ni alkali kweli, kaboneti ya sodiamu, na inayeyusha silika vizuri. Shida yake inayeyuka majini pia. Ukipaka, maji yananyonywa na udongo na kwenda na magadi. Yakikauka, magadi yanarudi na maji hadi penye upepo mwingi, yaani kwenye kingo na midomo, yanaganda hapo kama chumvi. Ukichoma, kingo zinachuruzika na katikati inabaki kavu. Na kile kilichobaki ndani ya udongo kinauyeyusha kwa ndani, ukuta unadhoofika. Boraksi ya dukani nayo ina tabia hiyo, ingawa kidogo.

Friti ni magadi yaleyale na silika vilivyoyeyushwa pamoja kiwandani, vikapoozwa na kusagwa, ili visiyeyuke tena majini. Ukitaka kupunguza gharama, nunua friti kilo 5 kwa kuchangiana. Kilo moja ya glezi inapaka vinara vidogo vingi kuliko unavyodhani.

#10 FundiJoko

Siku ya moto. Naandika kwa mpangilio wa dakika.

Kabla ya kuwasha: nguo za pamba na viatu vya ngozi vilivyofunika mguu. Nailoni na poliesta zinayeyukia kwenye ngozi, msiziruhusu. Nywele zifungwe. Glavu za ngozi za mchomeleaji, miwani ya kivuli namba 3 kwa kutazama ndani, ndoo mbili za maji. Uwanja wa wazi, mita 5 kutoka makuti au ukuta wa mbao. Kamwe si chini ya paa: maranda yanayofukiza yanatoa kaboni monoksidi.

Andaa kitanda cha mchanga chenye unyevu kidogo, sm 10, upana kuzidi debe. Juu yake katikati weka maranda makavu kama mikono miwili ya kujaza. Debe la bati la lita 20 liwe tayari kugeuzwa juu chini, ndani yake umebandika karatasi za gazeti zilizokunjwa. Debe lizidi chombo kwa vidole vitatu tu. Debe kubwa lina hewa nyingi, na hewa ndiyo adui wako. Kama lilikuwa la rangi, lichome tupu kwanza.

Vyombo vilivyopakwa glezi vianze juu ya kifuniko cha joko au karibu na moto wa chini kwa nusu saa. Maji ya glezi yakibaki ukutani yanageuka mvuke na kuusambaratisha.

Washa moto mdogo, dakika 20 hadi nyuzi 300. Kisha ongeza, ufike 600 ndani ya dakika 20 nyingine, halafu moto kamili. Kwenye 750 glezi inaonekana chafu, kama uji uliokaukia sufuria. Karibu 850 inaanza kuchemka, vipovu vinavimba na kupasuka. Mgeni anaogopa hapa na kutoa mapema. Usitoe. Subiri vipovu vitulie. Kuanzia 950 uso unalainika, na ukiangalia kupitia tundu la juu unaona mwali umejiakisi juu ya glezi kama taa juu ya maji usiku. Kaa hapo dakika 5 ili sehemu nene nazo zitulie. Pairometa inasaidia lakini mwakisiko huo ndio unaotoa ruhusa. Michomo inayofuata, joko likiwa na moto, ni dakika 25 hadi 40.

Zima gesi kwenye mtungi, vuta kichwa, inua pipa. Shika kinara kwenye shina au kitako, usishike tundu la mshumaa.

Hapa nyeupe na shaba zinaachana njia. Nyeupe isimamishe hewani, hesabu sekunde 15 hadi 20. Utaisikia: tik, tik, kisha mfululizo. Hizo ni nyufa zinafunguka, na moshi utaingia humo kuchora mistari. Ya shaba haina subira, iwe ndani ya maranda chini ya sekunde 10. Yote mawili: kiweke, maranda yanashika moto hapohapo, acha mwali usimame sekunde 3, tupia konzi nyingine ya maranda juu, funika debe na zungusha mchanga kwenye ukingo ukiukandamiza. Moshi ukipenya mahali, weka mchanga hapo.

Dakika 20 bila kugusa. Ukifunua mapema simama pembeni, uso mbali: moshi wa moto ukikutana na hewa unalipuka kwa mwali.

#11 GurudumuTaratibu

Maswali matatu ya haraka, mkuu. Shaba inatoka kijani badala ya nyekundu. Nyeupe ina nyufa ila hazina weusi. Na glezi ina vitundu kama vya mkate.

#12 FundiJoko

Kijani ni hewa. Shaba ilinyang'anywa oksijeni ndani ya debe ikawa metali, kisha ikarudishiwa ikiwa bado ya moto. Ama debe linavuja, ama umefunua kabla haijashuka chini ya nyuzi 300 hivi, ama maranda hayakutosha, ama ulichelewa mkononi. Anza na kuziba ukingo, mara nyingi ndiyo hapo. Ukitaka rangi mbili kwenye kinara kimoja, baada ya dakika moja inua upande mmoja wa debe sekunde 2 na ufunge tena. Upande uliopata pumzi unaelekea bluu na kijani, mwingine unabaki nyekundu.

Nyufa zisizo na weusi: umeingiza mapema mno, zikafunguka baadaye ndani wakati moshi umekwisha, au maranda yalikuwa mabichi yakatoa mvuke mwingi kuliko masizi. Maranda ya Pwani yaanike juani siku nzima na uyafunge kwenye mfuko. Unga wa mbao laini sana nao unajibana na kuzima, maranda ya randa yanachukua moto vizuri zaidi. Epuka taka za mbao zilizopakwa dawa au za plaiwudi, moshi wake una sumu.

Vitundu vya mkate ni glezi iliyotolewa kwenye hatua ya vipovu. Dakika 5 zaidi na nyuzi 20 zaidi. Kama vitundu vina kingo kali na vimekaa palepale hata ukiongeza muda, mchomo wa kwanza ulikuwa wa chini na udongo bado unatoa gesi.

#13 ShabaNyekundu

Niongezee ufa, maana ndio unaotia watu hasara. Utazame ulivyo. Ufa wenye kingo kali, glezi imekatika safi: ulitokea wakati wa kupoa, yaani hewani au majini. Ufa ambao glezi imeuzunguka na kulainika kingoni: ulikuwepo tangu kupanda, moto ulikimbizwa, au ulitoka nao kwenye kukausha. Ukijua ni upi unajua cha kurekebisha. Udongo hausingiziwi kila mara.

Na mimi sikubaliani na wanaotumbukiza kwenye maji ili kufunga rangi. Kwenye bakuli fupi lenye unene mmoja, sawa. Kwenye kinara chenye shina, kitako na sahani ni kutafuta kupasua. Debe likizibwa vizuri rangi inajifunga yenyewe.

#14 DadaKaolini

Naafiki, ila kwa shaba kavu maji ya kunyunyizia kwa pampu ya kumwagilia maua, chombo kikishafika kama 250, yanasaidia. Kunyunyizia, si kutumbukiza.

Na moshi si mgeni kwetu. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, anajenga kwa mkono, anasugua hadi kung'aa na hatumii glezi. Mchomo wenye hewa unampa rangi ya chungwa, mchomo wa pili wa kunyima hewa unampa weusi. Ni somo lilelile la hewa, bila shaba. Anayependa weusi asugue kinara kwa kokoto laini kabla hakijakauka, akichome kwanza hadi 950 tu, na akifukize.

#15 MwanaWaUkuta

Shukrani kwa elimu hii. Huku kwetu Lamu kinara ni kizuri, ila nyumba inataka chetezo zaidi. Yafaa kufukizia ubani na udi kwenye raku?

#16 NtaNaUtambi

Yafaa, ila chetezo si kinara. Mwali wa mshumaa haugusi udongo, kaa la moto linakaa juu yake. Kaa likiwa jekundu limepita nyuzi 600 na linagusa sehemu moja tu, huku ukingo ni wa baridi. Hiyo ndiyo hali inayopasua.

Bakuli la ndani liwe na unene wa mm 8, bila glezi, lenye mviringo usio na kona. Juu yake tandaza majivu au mchanga mkavu wa mto sm 2, kaa likae juu ya hapo. Kitako kiinuke kwa miguu 3 ili hewa ipite chini na meza isiungue. Glezi ya shaba weka nje, kuanzia sm 3 chini ya ukingo, maana ikikaribia kaa, wekundu wake utageuka kijani taratibu. Nyeupe haina tatizo hilo. Walio na watoto, mkono wa kushikia uwe mrefu, raku inapitisha joto polepole lakini hatimaye inapitisha.

#17 Mwangaza254

Na wale wasio na glezi kabisa? Nimeona vyombo vya kahawia vyenye madoa kama ngozi ya chui, wanasema ni unga tu.

#18 DadaKaolini

Hiyo inaitwa obvara, ya Ulaya Mashariki. Unga wa ngano kilo 1, hamira pakiti moja au mbili, sukari kijiko kimoja cha chakula, maji ya vuguvugu lita 10. Funika, koroga mara kwa mara, siku 3 hadi ichachuke na kutoa harufu kali. Chombo kisicho na glezi, kilichokwisha mchomo wa kwanza, kipashe hadi nyuzi 900, kitumbukize kwenye uji huo sekunde chache, kisha mara moja kwenye ndoo ya maji safi. Wanga unaungua juu ya ngozi na kuacha kahawia, krimu na nyeusi. Maji ukichelewesha, madoa yote yanakuwa meusi.

Hapa kuzama majini hakukwepeki, kwa hiyo umbo liwe rahisi: kikombe cha mshumaa bila shina. Wafinyanzi wengi wa Afrika hunyunyizia chungu cha moto maji ya magome ya miti ili kukiziba, na mantiki ni ndugu.

#19 NtaNaUtambi

Umalizio na matunzo, maana wanunuzi watauliza. Kikipoa, masizi yasuguliwe kwa stilwaya na sabuni ya unga, nyufa nyeusi hazitoki. Kausha siku 2. Sehemu zisizo na glezi zipake nta ya nyuki kidogo na usugue kwa kitambaa. Vanishi usipake karibu na mshumaa: inaungua, inanuka, inageuka njano.

Shaba hufifia kidogo kidogo kwa jua la dirishani na unyevu. Mwambie mnunuzi mapema, akiweke mbali na jua kali.

Nta iliyomwagika isitolewe kwa maji yanayochemka, udongo una vinyweleo na utainywa. Weka kinara kwenye jokofu, sehemu ya barafu, saa moja kikiwa kikavu. Nta inasinyaa na kuachia, ing'oe kwa kijiti cha mti. Kikitoka hapo kiache kirudi joto la chumba kabla ya kuwasha mshumaa. Na chini ya kitako bandika vipande vitatu vya koki (ile ya kuzibia chupa). Mpira wa kandambili unanata kwenye meza ikipata joto.